Kidau, Kalamu na Guni: Zana za Mstari za Maseremala wa Japani

Seremala hujulikana kwa zana zinazokata. Mtu akitajiwa kazi hiyo hufikiri mara moja msumeno, tezo, randa na patasi, maana hizo ndizo zenye kishindo, na hizo ndizo ziachazo maranda chini ya miguu ya fundi. Walakini kabla msumeno haujapita hapana budi mstari uwepo, na mstari hauna kishindo. Hupigwa kimya, hufuatwa na chuma, hufichwa ndani ya kiungo, na nyumba ikiisha hapana aulizaye ulikuwa wapi. Katika nchi ya Japani kazi hii ya kimya ilipewa heshima kuliko kazi ya kukata, na zana zake zilitengenezwa kwa uzuri ambao zana nyingine za seremala hazikupata. Sababu ya heshima hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa inahusu jambo kubwa zaidi ya useremala: inahusu nani ajibuye kazi inapoharibika.

Zana zenyewe ni tatu hasa. Ya kwanza huitwa sumitsubo, nayo ni kidau cha wino chenye uzi. Ya pili ni sumisashi, kalamu ya mwanzi. Ya tatu ni sashigane, guni ya chuma ya kupimia pembe mraba. Iko na ya nne, kebiki, ambayo seremala wa pwani ya Afrika Mashariki angeitambua mara moja kuwa ni mahati: kipande cha mti chenye ncha kali na kizuizi, kikwaruzacho mstari sambamba na ukingo wa ubao. Hiyo ya nne ni ya viungo vidogo na kazi za ndani. Nyumba nzima husimama kwa zile tatu.

Kidau huchongwa kwa mti mgumu, aghalabu wa keyaki, mti wa Kijapani wenye nguvu na mapambo mazuri ya asili, ama wa mforosadi. Urefu wake wa kawaida wakaribia shibiri moja. Upande mmoja umechimbwa shimo la wino. Upande wa pili umechimbwa nafasi ya gurudumu dogo la kuzungushia uzi. Ndani ya shimo hutiwa pamba au hariri isiyosokotwa, nayo hunywa wino na kuutunza. Uzi wa hariri hutoka katika gurudumu, hupita ndani ya pamba ile iliyolowa, hutokea katika tundu dogo mbele ya kidau, na ncha yake hufungwa katika kishikizo chenye sindano. Wino wenyewe ni jamaa ya ule watumiao waandishi wa Mashariki ya Mbali, uliofanywa kwa masizi na gundi.

Fundi huchoma sindano katika mwisho mmoja wa gogo, kisha hurudi kinyumenyume na kidau mkononi, uzi ukitoka umelowa. Afikapo mwisho wa pili hulizuia gurudumu kwa kidole gumba, huukaza uzi, huunyanyua kwa vidole viwili, na kuuachilia. Uzi hupiga mti mara moja, na mstari mweusi mwembamba hubaki. Kazi nzima huchukua muda wa pumzi mbili, lakini ndani ya pumzi hizo mna mambo ambayo mwanagenzi huhangaika nayo muda mrefu. Uzi ukinyanyuliwa kwa upande, japo kidogo, mstari hupinda. Ukilegea, mstari hunenepa. Wino ukizidi, uzi hurusha matone. Ukipungua, mstari hukatika katikati ya safari.

Faida ya uzi huo haionekani vema juu ya ubao ulionyooka, kwa maana ubao wa namna hiyo waweza kupigwa mstari kwa rula yoyote ndefu. Huonekana juu ya gogo lenye kombo. Boriti za paa katika nyumba nyingi za zamani za Kijapani zilikuwa magogo ya msonobari yaliyopinda kama yalivyoota, na mafundi waliyapenda, kwa sababu gogo lililowekwa na mgongo wake juu hubeba uzito vema. Lakini gogo hilo halina upande hata mmoja ambao mtu aweza kuupima na kuuamini. Basi fundi haamini upande wowote. Hupiga mstari wa katikati toka mwisho hadi mwisho, na vipimo vyote vya viungo huhesabiwa kutoka mstari huo. Uzi ulionyanyuliwa wima, sawasawa na timazi, huacha wino juu ya matuta na mabonde ya gogo. Na bado mtu akitazama kutoka juu huona njia moja iliyonyooka. Unyofu wa nyumba, kwa hiyo, hautoki katika mti. Hutoka katika mstari uliowekwa na mtu juu ya mti. Mti huachiwa kombo lake, na nyumba husimama wima.

Kalamu ya mwanzi ni zana nyonge kwa sura, tena haina thamani ya fedha, maana fundi hujifanyia mwenyewe. Huchukua kipande cha mwanzi kilicho karibu na ganda, mahali penye nyuzi ngumu. Mwisho mmoja huufanya bapa na mpana, akaupasua kwa kisu mara nyingi, nyufa zikikaribiana kama meno ya kitana, ili kila ufa ushike wino. Mwisho wa pili huuchonga mwembamba, akauponda hata ukawa kama burashi. Upande wa bapa huchora mistari kando ya guni. Upande wa burashi huandika.

Kuandika huku si pambo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba ya mbao ni mali ya vipande vingi mno. Fundi wa Kijapani huifanya miti yenyewe kuwa daftari. Safu za nguzo za upande mmoja hupewa herufi kwa utaratibu wa kale wa i, ro, ha. Safu za upande unaokatana nao hupewa tarakimu. Na hivyo kila nguzo ikawa na jina lake lisiloshirikiwa na nyingine. Ramani ya nyumba huchorwa juu ya ubao mmoja wenye majina hayohayo, na ubao huo pamoja na maandishi yaliyo juu ya miti huwatosha wafanyakazi wote. Ziko alama nyingine za kuonyesha mahali pa kutoboa tundu, mahali pa kukata ulimi, na mahali pa kuacha. Tena wino ulioingia katika nyuzi za mti haufutiki kwa kidole. Basi mistari miwili ikikaribiana, mmoja wa kweli na mmoja wa kosa, hutiwa alama ya kuonyesha upi ufuatwe. Kosa huachwa lionekane, ila hunyimwa amri.

Hapo ndipo heshima ya zana hizi ianzapo kueleweka. Kwa desturi mstari hupigwa na fundi mkuu, aitwaye tōryō, au na mtu aliyemwamini kabisa, wengine hukata. Viungo vyote hukatwa chini, uwanjani, kabla ya nguzo moja kusimamishwa. Kisha siku ya kusimamisha hufika, na ndimi zote hutakiwa kuingia katika matundu yake mbele ya mwenye nyumba na majirani. Ulimi ukikataa kuingia, mkataji huulizwa kwanza kama alifuata wino. Ikiwa aliufuata, swali humrudia aliyeupiga. Ndiyo maana hata unene wa mstari una sheria. Mafundi hutofautisha kukata kwa kuuacha wino, kukata kwa kuuondoa wino, na kukata kwa kuupasua katikati. Na tofauti hiyo, isiyozidi unene wa uzi, ndiyo huamua kama kiungo kitabana au kitachezacheza. Mwenye kukata hubeba jukumu la mkono wake. Mwenye kuchora hubeba jukumu la mikono ya watu wote.

Guni nayo ina elimu yake. Ni nyembamba na nyepesi, huweza kupindwa kidogo ikanyooka tena. Mbele yake mna vipimo vya shaku, ambayo ni sawa na sentimita 30.3, pamoja na sehemu zake za kumi. Ajabu iko mgongoni. Huko alama zimepanuliwa, kila kipimo kimoja cha nyuma kikiwa sawa na kipimo cha mbele kilichozidishwa kwa 1.414, yaani kwa uwiano ulioko kati ya upande wa mraba na mshazari wake. Fundi akitaka kujua boriti ya mraba kubwa kiasi gani yaweza kutoka katika gogo, huweka mgongo wa guni juu ya kipenyo cha gogo na kusoma. Gogo lenye kipenyo cha sentimita 42.4 litasomeka karibu shaku 1: boriti itakuwa na upande wa karibu sentimita 30. Hakufanya hesabu yoyote. Hesabu ilifanywa zamani na mtu aliyeziweka alama zile. Iko na safu nyingine ya alama ambayo kwayo kipenyo cha gogo kikipimwa husomeka mzingo wake. Kwa mikono miwili ya guni fundi hupata pia miteremko ya paa na pembe ngumu za boriti zinazokutana kwenye kona, elimu ambayo Wajapani huiita kikujutsu.

Guni hiyo mapokeo huihusisha na Shōtoku, mwana wa mfalme aliyeishi kati ya mwaka 574 na 622, ambaye maseremala walimfanya mlinzi wa kazi yao na kumchora akiwa ameishika mkononi. Kwa historia, hata hivyo, zana hizi zilitoka bara la Asia, na Wachina huzihusisha na Lu Ban, fundi wao wa hadithi. Husimuliwa kwamba mama yake Lu Ban alikuwa akimshikia ncha ya uzi, hata alipobuniwa kulabu wa kuushika mahali pake. Na kulabu huyo akaitwa mama wa Ban. Hadithi ni fupi, lakini yaonyesha kwamba hata kishikizo kidogo cha uzi kilihesabiwa kuwa kitu cha kukumbukwa.

Huko Japani ushahidi wa kale ni mwingi. Katika hazina ya Shōsōin mjini Nara, iliyohifadhi vitu vya karne ya 8, kimo kidau chenye umbo la mashua ya joka kilichopambwa kwa fedha. Chombo kama hicho ni cha sherehe zaidi ya kazi, na kuwapo kwake katika hazina ya kifalme kwaonyesha cheo cha mstari katika enzi ile. Wakati huohuo sheria za dola ziliwataka watu wa jimbo la Hida, lenye milima na misitu, watoe maseremala 10 kutoka kila kijiji kwenda kufanya kazi katika mji mkuu, nao wakasamehewa kodi nyingine. Sifa yao ilienea hata ikaingia katika ushairi. Katika diwani ya Man'yōshū, iliyokusanywa katika karne hiyo, limo shairi la mapenzi ambalo mwenye kupenda hulinganisha moyo wake na uzi wa wino wa watu wa Hida, ukielekea njia moja bila kuyumba. Katika lugha za Kichina na Kijapani neno lenye maana ya kamba na wino lilipata pia maana ya kanuni na kipimo cha mwenendo. Chombo cha uwanjani kikawa mfano wa adili.

Kidau kingine cha kale hakina fedha wala joka. Lango kuu la kusini la hekalu la Tōdaiji, huko Nara, lilisimamishwa upya mwaka 1199 baada ya vita kuliteketeza hekalu. Katika karne ya 19, wakati wa ukarabati, kidau cha seremala kilionekana juu kati ya boriti za lango hilo, nacho sasa kimehifadhiwa katika chuo kikuu cha sanaa cha Tokyo. Ni chombo cha kazi, chenye mkia uliopasuliwa kwa mtindo wa zamani. Alikiacha nani, na kwa kusahau au kwa kukusudia, hapana awezaye kusema. Kwa hakika, hilo ndilo jambo la kawaida katika historia ya ufundi: majina ya watawala na makasisi walioamuru jengo huandikwa, na jina la aliyepiga mstari hupotea, kikabaki kidau chake.

Katika karne za baadaye uzuri wa vidau ulizidi. Palichongwa korongo na kobe, ambao kwa Wajapani ni alama za maisha marefu, au joka lililojiviringisha kandokando ya shimo la wino. Mafundi wengi walijichongea wenyewe. Baadaye pakatokea wachongaji waliofanya kazi hiyo tu, hasa katika mji wa Sanjō, jimbo la Niigata, mji wenye sifa ya zana za chuma na mti. Yuko awezaye kusema kwamba korongo hakunyooshi mstari, na kwamba pambo hilo ni majivuno. Neno hilo lina ukweli nusu. Korongo hanyooshi mstari, lakini patasi na msumeno havina nafasi ya kuchongwa bila kudhoofishwa, na kidau chaweza kubeba pambo bila kupungukiwa na kazi. Tena kilikuwa ndicho chombo ambacho mwenye nyumba angeweza kukitazama kabla ya mti wa kwanza kukatwa, akaona mkono wa fundi ulivyo. Katika sherehe ya kuanza kazi ya mwaka mpya, ni kidau, guni na tezo zilizopewa mahali pa heshima.

Heshima hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Elimu ya mstari ilifichwa. Kitabu cha Shōmei, kilichotungwa mwaka 1608, kilieleza uwiano wa vipimo vya malango, mahekalu na nyumba za wakubwa, nacho kilikuwa siri ya jamaa ya Heinouchi, maseremala wa watawala. Mwanagenzi alikata wino asioruhusiwa kuuliza, akaiba elimu kwa macho. Baadaye, katika zama za Edo, vitabu vya michoro vya maseremala vilichapishwa na kuuzwa, na siri nyingi zikafunguka. Ufichaji ulilinda riziki ya wachache, lakini uliweka elimu katika hatari ya kufa pamoja na mtu mmoja, uchapaji uliiokoa. Hata hivyo kitabu hakiwezi kumfundisha mtu ukazaji wa uzi.

Hatari ya namna nyingine ilikuja kwa njia ya sheria. Mwaka 1891 serikali iliithibitisha shaku kuwa sehemu 10 kati ya 33 za mita moja, na vipimo viwili vikaishi pamoja. Tangu tarehe 1 Januari 1959 mita ikawa ndiyo kipimo halali katika biashara, na guni za shaku zikakosa ruhusa ya kutengenezwa na kuuzwa. Kwa maofisa lilikuwa jambo jema la kuunganisha nchi na ulimwengu. Kwa seremala lilikuwa jambo jingine: mahekalu yote aliyotakiwa kuyatengeneza yalijengwa kwa shaku, unene wa nguzo na upana wa vyumba ulihesabiwa kwa shaku, na elimu ya mgongo wa guni ilifundishwa kwa shaku. Katika miaka ya 1970 Ei Rokusuke, mtangazaji na mtunzi wa nyimbo aliyejulikana na taifa zima, aliitetea hadharani haki ya mafundi kutumia kipimo chao. Mwishowe njia ilipatikana: guni ziliruhusiwa kuwa na alama za sehemu ya 33 ya mita, ambayo ni sehemu ya kumi ya shaku kwa jina jingine. Sheria ilihifadhi mita, na mafundi walipata kipimo chao.

Adui wa leo hana sheria wala hasira. Ni mtambo. Nyumba nyingi sana za mbao zijengwazo sasa Japani hukatwa viungo vyake kiwandani kwa mashine zinazosoma michoro, na vipande hufika uwanjani tayari kwa kusimamishwa. Mahali pa uzi wa hariri pana vidau vya plastiki vyenye springi, na mwanga wa leza huonyesha mstari bila wino. Haifai kuyalaumu mambo haya kwa chuki. Mashine hukata mti mkavu ulionyooka kwa usahihi mkubwa, na mtu wa kipato kidogo hupata nyumba kwa haraka. Lakini mashine hupenda mti uliokwisha kunyooshwa. Gogo lenye kombo, ambalo uzi uliliheshimu, huwa taabu kwake. Na nchi yenye Hōryūji, hekalu lenye majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani, haiwezi kuishi kwa miti iliyonyooka tu.

Majengo ya kale yafunguliwapo kwa ukarabati, mistari ya wino huonekana ndani ya viungo, mahali ambapo jua halikuingia tangu siku ya kusimamishwa. Anayeijua kazi huisoma kama barua: hapa fundi alianzia, hapa alibadili shauri, hapa alikosea akatia alama. Nishioka Tsunekazu, aliyeishi tangu 1908 hata 1995, alikuwa miongoni mwa mafundi wa ukarabati mkubwa wa Hōryūji ulioanza mwaka 1934, na elimu aliyoipata kwa kuwasoma waliomtangulia aliitumia kuusimamisha upya mnara wa magharibi wa hekalu la Yakushiji, uliokamilika mwaka 1981. Asingeweza kuujenga kwa kutazama picha za nje. Alihitaji kujua mistari ilipigwaje.

Kwa sababu hiyo juhudi za kuihifadhi elimu hii zimekuwa nyingi. Jumba la makumbusho ya zana za maseremala la Takenaka lilifunguliwa Kobe mwaka 1984. Mwaka 2020 UNESCO iliutia ufundi wa kuhifadhi majengo ya mbao ya Japani katika orodha ya urithi wa binadamu. Huko Ise mahali patakatifu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013. Na muda huo watosha kwa kijana aliyekata wino wa mwingine katika ujenzi mmoja kuupiga wino wake mwenyewe katika ujenzi ufuatao. Kati ya njia hizi ile ya Ise ndiyo iliyo karibu zaidi na tabia ya zana zenyewe. Makumbusho huhifadhi kidau, na orodha huhifadhi jina. Lakini ukazaji wa uzi, kiasi cha wino na wakati wa kuachilia huhifadhiwa katika vidole vya mtu aliyepewa gogo la kweli, na nyumba ya kweli ya kujibia.